Namba na Shahidi: Juu ya Kutaja Marejeo katika Habari za Tabora

Desturi ya kutaja marejeo kwa namba imeenea sana katika vyuo vyetu, na sasa yaonekana hata katika maandishi ya historia na ya fasihi. Mwandishi akieleza jambo alilolipata kwa mwingine, huweka namba ndani ya mabano, na namba ile humpeleka msomaji kwenye orodha iliyo mwishoni mwa makala, ambamo marejeo yamepangwa kwa kadiri yalivyotangulia kutajwa. Rejeo likitajwa mara ya pili, namba yake ya kwanza hurudiwa ile ile. Kusudi letu ni kuipima desturi hii, si kwa jumla, bali kwa kuitia katika kazi moja iliyo ngumu, nayo ni habari za Tabora na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Tumeichagua Tabora kwa sababu maandiko yake ya asili yamepita katika mikono mingi kabla ya kutufikia, na kwa hiyo ndiko ubora wa njia yoyote ya kutaja marejeo unakodhihirika upesi, au upungufu wake.

Namba hizi asili yake ni kwa waganga. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya utabibu walikutana Vancouver, katika nchi ya Kanada, wakapatana juu ya kanuni moja ya kupokea maandishi, nayo ikatangazwa mwaka 1979. Wahandisi nao wanayo ya kwao inayofanana nayo. Fadhila zake si haba. Sentensi hubaki safi, haikatwi na majina na miaka, nafasi huokolewa, na mahali penye ushahidi wa makala sita huandikwa namba sita tu, basi. Kwa tabibu hayo yatosha, kwa kuwa makala anayoitaja ina kurasa chache, aliyeiandika ndiye aliyefanya uchunguzi, na chapa yake ni moja. Msomaji akishaipata makala amekwisha kulipata jambo lenyewe.

Sasa tuitie kanuni hiyo katika kitabu kimoja ambacho hapana aandikaye habari za Unyanyembe awezaye kukikwepa, yaani Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip. Mtu huyu babaye, Muhammed bin Juma, alikuwa na makao Unyanyembe na alioa katika nyumba ya mtemi Fundikira. Hivyo asemapo habari za nchi ile asema kama mtu wa nyumbani. Aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, alipoombwa na Mdachi Heinrich Brode. Brode akayageuza katika herufi za Kirumi, akayafasiri kwa Kidachi, na yakapigwa chapa Berlin katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki, sehemu moja mwaka 1902 na ya pili mwaka 1903. Mwaka 1905 Brode akatoa kitabu kingine, ambacho si maandishi ya Hamed bali ni wasifu wa Hamed uliotungwa na Brode mwenyewe, nacho kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1907. Kisha W. H. Whiteley akayatoa maandishi ya Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza, yakiwa nyongeza ya jarida la Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, katika toleo la Julai 1958 na la Januari 1959. Na mwaka 1966 yakatoka kama kitabu. Mwaka 1974 François Bontinck akayatoa kwa Kifaransa.

Mwandishi akiweka hapo namba, tuseme 3, na katika orodha akaandika jina la Brode na mwaka 1907, ametaja nini? Hakutaja maneno ya Hamed. Ametaja maneno ya Mdachi juu ya Hamed, yaliyofasiriwa na Mwingereza. Na akiandika jina la Whiteley na mwaka 1966, msomaji asiyejua atadhani yuko mtaalamu aliyechunguza habari za Unyanyembe katika miaka ile, kumbe msemaji alifariki mwaka 1905. Haki yataka tukiri kwamba desturi ile nyingine, ya kuandika jina na mwaka ndani ya sentensi, yafanya kosa hili kwa sauti kubwa zaidi. Namba angalau hunyamaza. Lakini kunyamaza kwake si sifa, kwa maana kosa limehamia kwenye orodha, na wasomaji wengi orodha hawaifungui.

Yako pia mambo ya jina. Kanuni ya waganga yaamuru jina la ukoo litangulie, na majina mengine yafupishwe yawe herufi moja moja. Kwa Smith na Müller hakuna tabu. Lakini Hamed bin Muhammed hana jina la ukoo kwa namna ile. Muhammed ni babaye, na Murjebi ni nisba. Mashine ya kupanga marejeo ikiachiwa kazi hii itamtoa mtu aitwaye "Muhammed HB", ambaye hakuzaliwa na mama yeyote. Selemani bin Mwenye Chande atakuwa "Chande SBM". Majina ya namna hii yaandikwe kamili, kwa mpango wake, na kanuni ikikataa, kanuni ndiyo ikose.

Kisha iko kasoro ambayo kwetu ni nzito zaidi, nayo ni mahali ndani ya kitabu. Kwa kuwa namba moja hurudiwa kila kitabu kitajwapo, makala huweza kuwa na namba 3 mara kumi na mbili, na mara zote yaelekeza kwenye kitabu kizima. Mwandishi amesema "yako mle ndani". Msomaji na atafute. Hapa yafaa ikumbukwe kwamba Whiteley aliyagawanya maandishi ya Hamed katika aya zenye namba. Huu ni msaada mkubwa ambao hautumiki ipasavyo. Ukurasa hubadilika katika kila chapa, lakini aya ni ile ile, awe msomaji ana nyongeza ya jarida au ana kitabu cha baadaye. Kanuni ya wahandisi yaruhusu kuandika namba ya rejeo, kisha mkato, kisha ukurasa, yote ndani ya mabano yale yale. Hapana sababu aya isiandikwe hivyo hivyo. Herufi chache tu zaongezeka, nazo huokoa mchana mzima wa mtu katika maktaba.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni ya kuhesabu mashahidi. Mwaka 1871 palikuwa na vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora. H. M. Stanley alikuwa Kwihara wakati huo, na mwezi wa Agosti alitoka pamoja na Waarabu kwenda kupigana. Habari hizo aliziandika katika barua alizolipelekea gazeti la New York Herald. Akaziandika tena katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya kumpata Livingstone. Na barua zile zilikusanywa na Norman Bennett zikachapwa mwaka 1970. Mwandishi wa leo akisema neno juu ya ukali wa Mirambo, akaweka mwishoni namba 4, 7 na 9, na namba hizo zikawa gazeti, kitabu na mkusanyo wa Bennett, msomaji ataona mashahidi watatu wanaokubaliana. Hakika shahidi ni mmoja, kalamu ni moja, naye alikuwa na bunduki mkononi upande mmoja wa vita. Akiongeza namba 11, kitabu cha mtaalamu wa baadaye aliyeyapata hayo kwa Stanley, bado shahidi ni yule yule mmoja. Namba haziwezi kumwambia msomaji jambo hili. Zote zafanana, kila moja ni tarakimu tu ndani ya mabano. Ndipo Mirambo anapohukumiwa kwa ushahidi wa adui mmoja uliopigwa chapa mara nne.

Wanachuoni wa Kiislamu wa pwani, na wale waliofuata misafara mpaka bara, hawangeshangazwa na neno hili. Katika elimu ya hadithi, isnadi humtaja kila mpokezi kwa jina, fulani kutoka kwa fulani, mpaka kwa msemaji wa kwanza. Na njia nyingi zikikutana kwa mtu mmoja, huhesabiwa kuwa zimepita mlango mmoja. Kila mwenye kusoma chuoni alilijua hilo karne nyingi kabla ya mkutano wa Vancouver. Hatusemi kwamba tanbihi zetu ziandikwe kama isnadi, bali swali lile la "kutoka kwa nani?" lisipotee kwa sababu tumepata njia fupi ya kuandika.

Kinyume cha kosa hilo ni kutia mashahidi wengi katika namba moja. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872, akaondoka huko mwezi wa Agosti kwa safari yake ya mwisho. Aghalabu hutajwa kwa kitabu cha shajara zake za mwisho alichokihariri Horace Waller mwaka 1874, baada ya Livingstone kufa. Lakini nyuma ya kitabu kile liko daftari kubwa lijulikanalo kama Shajara ya Unyanyembe, alilomkabidhi Stanley Machi 1872. Na nyuma ya daftari ziko karatasi za njiani, ambazo za mwaka 1871 nyingine ziliandikwa juu ya magazeti ya zamani kwa wino uliofifia, hata zikasomwa upya kwa picha za mianga mbalimbali na kutangazwa mwaka 2011 na Adrian Wisnicki na wenziwe. Maandishi ya tabaka hizi hayalingani. Habari za mauaji ya sokoni Nyangwe, ya Julai 1871, hazisomeki sawasawa katika karatasi na katika daftari, hasa juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Kwa hiyo karatasi ipewe namba yake, daftari namba yake, na kitabu cha Waller namba yake, ingawa mtu ni mmoja. Hapa wenye kupenda orodha fupi watanung'unika, na wanung'unike.

Juu ya waandishi wa Kiswahili waliokusanywa na Carl Velten hatutasema mengi, maana jambo lenyewe lajulikana. Safari za Wasuaheli ya mwaka 1901 ina watu kadhaa ndani yake, akiwamo Selemani bin Mwenye Chande aliyesimulia safari ya bara. Lyndon Harries alichapa sehemu za mkusanyo huo tena mwaka 1965. Desturi za Wasuaheli ilitoka mwaka 1903 kwa jina la Velten, na ilikuwa mwaka 1981 ndipo chapa ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipomweka Mtoro bin Mwinyi Bakari mahali pa mtungaji. Hata leo bado twaona orodha za marejeo zilizo na Velten peke yake. Orodha ya namba yaweza kulisahihisha hili kwa urahisi kuliko nyingine, kwa kuwa haipangwi kwa alfabeti na haitegemei jina lipi litangulie. Lakini urahisi huo twauacha bure.

Limebaki la wazee. Katika mji wa Tabora iko kata iitwayo Chemchem, na mtafiti wa leo atakaye habari za misafara, za wapagazi, na za majina ya mitaa, hawezi kuishia maktabani. Lazima akae barazani na watu wa huko na wa Kwihara na Itetemia. Je, mzee aliyemweleza apewe namba gani? Kanuni ya waganga yajibu kwamba asipewe. Maneno ya mdomo, wasema, yaepukwe ila kwa lazima, na yakitajwa jina na tarehe viwekwe ndani ya sentensi, katika mabano, wala yasiingie katika orodha. Kwa tabibu huenda ni busara. Kwa habari za Unyanyembe maana yake ni kwamba Stanley ana namba tatu, na mjukuu wa watu aliopigana nao hana hata moja.

Kanuni hiyo tusiipokee. Mahojiano yaingie katika orodha na yapewe namba kwa zamu yake kama kitabu, yakitajwa jina la msemaji (kama ameridhia), mahali, tarehe, na mahali palipowekwa sauti au maandishi yake, ili mwingine aweze kuyafuata. Na lugha aliyosemea iandikwe pia, ikiwa ni Kinyamwezi au Kiswahili. Kwa sababu mtafiti aliyesikia Kinyamwezi akaandika Kiswahili amekwisha kuwa mfasiri, na jina lake lapaswa kukaa pale pale lipasapo kukaa la Brode na la Whiteley, baada ya jina la msemaji.