Mamba Muntu: Kisa Kilichofichwa Ndani ya Picha

Katika sanaa za kutisha, msanii mara nyingi hutoa nusu ya kisa na kumwachia mpokeaji nusu ya pili. Mfano wa siku hizi ni mchezo wa video Year Walk, uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Simogo ya Sweden. Mchezo huo umejengwa juu ya ngano za kale za nchi hiyo, zinazosimulia juu ya mtu anayetembea usiku ili ayaone mambo ya mwaka ujao. Mchezaji afikapo mwisho hudhani kisa kimekwisha; kumbe maandishi yaliyofungiwa katika programu ya pili, inayoambatana na mchezo, ndiyo yanayomlazimu akisome upya tangu mwanzo. Mbinu hiyo si ngeni katika ukanda wa shaba wa Kongo. Wachoraji wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi waliitumia nusu karne iliyopita katika picha za mamba muntu. Makala haya yanauliza swali moja: ni kisa gani kilichofichwa katika picha hizo, na kimefichwa wapi?

Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliochunguza uchoraji wa Shaba katika miaka ya 1970, waliiweka mamba muntu miongoni mwa aina za picha zilizopendwa sana na wenyeji. Ilitundikwa sebuleni, pengine karibu na picha ya utawala wa Kibelgiji iliyoonyesha mfungwa akichapwa kiboko. Umbo lake linajulikana: mwanamke mwenye nywele ndefu ameketi kando ya maji, kiwiliwili ni cha mtu, sehemu ya chini ni ya samaki, na nyoka yu pamoja naye. Katika baadhi ya picha amevaa saa mkononi. Zaidi ya hayo, hakuna tukio.

Tukio limo katika masimulizi. Inasemwa kwamba mwanamume huokota kitana au unywele wa kiumbe huyo ufukoni. Usiku kiumbe humjia ndotoni akidai mali yake, nao hupatana. Mwanamume hupewa utajiri, lakini kwa masharti: atunze siri, na asiwaendee wanawake wengine. Akivunja ahadi hufilisika au hufa. Katika masimulizi mengine deni hulipwa kwa uhai wa ndugu zake.

Wafasiri wamefuata njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya wahubiri, ambao huona humo Shetani na onyo dhidi ya tamaa. Ya pili ni ya wanahistoria wa sanaa, ambao huihusisha mamba muntu na Mami Wata wa Afrika ya Magharibi, na kupitia kwake picha ya mchezesha nyoka iliyochapishwa Hamburg katika miaka ya 1880. Njia hizi mbili zina ukweli wake, lakini hazitoshelezi. Ya kwanza hugeuza kisa cha mapatano kuwa mahubiri juu ya dhambi ya mtu mmoja. Ya pili hueleza umbo lilikotoka, bila kueleza kwa nini mfanyakazi wa mgodi alitaka kulitazama kila jioni baada ya kazi.

Ufunguo wa kwanza ni jina lenyewe. Katika Kiswahili cha Katanga, muntu ni umbo la kawaida la neno mtu. Katika jina hili ambatani, nomino kuu ni mamba. Muntu huifafanua tu. Maana yake basi ni mamba aliye mtu. Lakini mchoraji hachori mamba; anachora samaki. Jina na picha vinasema mambo mawili tofauti. Samaki huliwa, mamba hula. Mtazamaji anaonyeshwa uzuri unaovutia, huku akilitamka kwa kinywa chake jina la mnyama ajifichaye majini akingoja windo. Kisa kimefichwa katika pengo hilo, baina ya jicho na ulimi.

Kitenzi kula kina historia ndefu Katanga. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika mwaka 1926 juu ya wafuaji wa zamani walioitwa wala shaba. Wakati wa ukoloni zilienea habari za batumbula, watu waliodaiwa kuwakamata wapita njia usiku kwa niaba ya Wazungu. Rik Ceyssens alizichambua mwaka 1975 kama ngano ya wanaokandamizwa, na Luise White akazilinganisha mwaka 2000 na habari za mumiani wa pwani. Mfuatano huu una mantiki: kwanza mtu hula shaba, kisha shaba huonekana kumla mtu. Mamba muntu ni hatua ya tatu. Hapa mtu haviziwi tena njiani, anakubali mwenyewe.

Ufunguo wa pili ni asiyekuwapo. Mwanamume wa kisa hachorwi. Mahali pake, mbele ya kiumbe, anasimama mtazamaji. Ndugu watakaolipa deni nao hawachorwi, wameketi sebuleni. Maana hiyo ilizidi kuwa nzito Gécamines ilipoanguka. Shirika hilo lilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba mwaka 1986. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mshahara, unga, shule na hospitali vilitoka mahali palipojulikana. Vilipokoma, kila utajiri mpya ulizua swali la chanzo chake.

Swali hilo lingali hai. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, Kolwezi, na watu wakachimba mashimo ndani ya viwanja vyao. Mahali ambapo jirani anaweza kutajirika kwa wiki moja na mwingine kufukiwa usiku uleule, ngano ya mapatano ya siri si mchezo. Ikisomwa kijuujuu, huwa shtaka: jirani ametoa mtoto, mjane amemla mumewe. Msomaji wa namna hiyo huona tu mtu aliyepokea fedha, akamsahau mnunuzi, na kiwanda kilicho ng'ambo, na yeye mwenyewe mwenye simu mfukoni.

Kazi ya mhakiki, na ya mwalimu wa fasihi simulizi, ni kulirudisha swali mahali pake. Picha ya mamba muntu haimtaji mwenye hatia. Inauliza ni nani anayelipa gharama ya utajiri, na kwa nini mlipaji haonekani katika picha.