Herufi zikivunjwa vipande, nani atailinda tahajia?

MIAKA kadhaa iliyopita nililetewa nakala ya kwanza ya mkusanyiko wa hadithi fupi niliouhariri. Kurasa za ndani nilikuwa nimezipitia mara tatu, kalamu mkononi, nami nilikuwa na hakika kwamba hakuna kosa lililonipita. Kisha nikalitazama jalada. Neno 'kung'ara' katika anwani ya kitabu lilikuwa limegeuka 'kungara'. Ritifaa haikuwapo!

Nilimpigia simu msanifu wa jalada. Alikuwa kijana mwenye adabu, wala hakunificha jambo. "Prof, hizo si maneno tena, ni shepu," aliniambia. "Nilizivunja ndio nizipinde vizuri, hako kaalama kakabaki nyuma. Nikadhani ni uchafu, nikafuta."

Kauli hiyo, kwamba maneno yanaweza kuacha kuwa maneno yakawa 'shepu', imenikaa akilini hadi leo. Nimekuja kuamini kwamba sisi wapenzi wa lugha tunapaswa kuielewa, maana mabango, majalada, kadi za mialiko na vijitabu vya mazishi tunavyosoma kila siku hupitia mlango huo.

Hebu tuanze na jinsi kompyuta inavyoiona herufi. Unapobonyeza 'a', kompyuta haihifadhi mchoro. Inahifadhi nambari. Katika mfumo wa Unicode, 'a' ndogo ni 97, 'A' kubwa ni 65. Fonti ndiyo inayoivisha nambari hiyo sura. Ukibadilisha fonti, vazi linabadilika lakini mwenye vazi hubaki yule yule. Ndiyo maana unaweza kulitafuta neno katika faili, kulisahihisha na kulinakili.

Programu za usanifu, kama vile Illustrator iliyozinduliwa mwaka wa 1987 na CorelDRAW iliyofuata mwaka wa 1989, zina amri ya kuitupa nambari na kubakisha vazi tupu. Katika CorelDRAW unabonyeza Ctrl na Q. Katika Illustrator ni Shift, Ctrl na O. Papo hapo neno linakuwa mistari iliyopinda, ya aina aliyoieneza mhandisi Pierre Bézier wa kampuni ya Renault miaka ya 1960 alipokuwa akisanifu bodi za magari. Kwa kompyuta, sasa hakuna tofauti kati ya 'ng'ombe' na mchoro wa bawa la gari.

Msanifu anaweza kwenda hatua moja zaidi, akauvunja mchoro huo vipande. Hapo ndipo maajabu huanza. Tundu la 'o' huwa kipande kinachojitegemea, kikaifunika herufi na kuifanya ionekane kama sarafu nyeusi. Matundu ya 'a', 'b', 'd' na 'p' nayo huzibika vivyo hivyo. Nukta ya 'i' huachana na kijiti chake. Asiyekuwa mwangalifu akivuta kijiti, nukta inabaki pale pale ikielea.

Matundu yakizibika, kila mtu ataona na fundi atayarudisha. Hatari iko katika vile vialama vidogo vinavyobeba maana kubwa. Ritifaa ya Kiswahili si pambo. Hutenganisha sauti mbili za lugha hii. 'Ng'oa' ni kutoa kitu kwa nguvu kutoka kilipojishikiza, ilhali 'ngoa' ni tamaa au wivu. Bango la daktari wa meno lililokusudiwa kusema 'Tunang'oa meno' likipoteza kialama hicho, msomaji makini atajiuliza daktari ana ngoa gani na meno ya watu!

Lugha nyingine zetu ziko katika hatari iyo hiyo. Gĩkũyũ na Kikamba huandikwa kwa 'ĩ' na 'ũ' zenye kialama juu, na vokali hizo si sawa na 'i' na 'u' za kawaida. Maandishi ya Kiarabu, ambayo Waswahili waliyatumia kwa karne nyingi kuandikia tenzi na barua, yanategemea nukta zaidi ya hayo. Nukta moja chini ni 'ba', mbili juu ni 'ta', tatu juu ni 'tha'. Kwa mwenye kuona maumbo pekee, nukta iliyohama ni kosa dogo la mpangilio. Kwa msomaji ni neno jingine kabisa.

Wapo watakaodai kwamba ninawaonea wasanifu. Naam, wana sababu zao, tena nzuri. Faili likipelekwa kwa mpigachapa asiye na fonti husika, kompyuta yake huweka fonti nyingine na kazi nzima ikaharibika. Mashine ya kukatia stika za matatu inafuata mistari, haijui kusoma. Isitoshe, kuna uzuri unaopatikana tu kwa kuigusa herufi moja moja, kurefusha mkia wa 'j' au kuifungamanisha 'k' na jirani yake. Sanaa hiyo naiheshimu, na sitaki ikome.

Ninachokikosoa ni wakati ambapo jambo hili hufanywa, na mtu anayeachiwa neno la mwisho. Mara nyingi herufi huvunjwa kabla ya mhariri kulisoma jalada. Akigundua kosa, huambiwa amechelewa, maji yakimwagika hayazoleki. Fundi akihimizwa sana, atachukua 'a' kutoka neno jingine na kuibandika, ikitofautiana kidogo kwa unene na wenzake. Kwingine husemwa tu kwamba wasomaji wataelewa.

Je, wataelewa? Mwanafunzi anayenakili anwani ya kitabu kutoka jaladani anaamini kwamba kilichochapishwa ni sahihi. Akiandika 'kungara' katika insha atakosolewa na mwalimu, ilhali kosa si lake. Kuna pia msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma kwa sauti. Programu hiyo husoma herufi, haisomi michoro. Tangazo la kazi au la chanjo ambalo maneno yake yote yamegeuzwa maumbo, na hakuna maelezo mengine yaliyoambatishwa, kwake ni ukurasa mtupu. Tena anayetafuta neno katika faili la aina hiyo halipati, hata kama analiona kwa macho yake. Tunalalamika kwamba Kiswahili ni haba mtandaoni, na kumbe kile kidogo tunachoandika tunakifungia ndani ya michoro.

Lawama nyingine ni yetu sisi wasomi. Tunapohakiki kitabu tunachambua maudhui, wahusika na mtindo, lakini jalada tunalipita kana kwamba halikuandikwa. Mimi mwenyewe nililetewa lile jalada kwa simu kabla ya kuchapishwa. Nililitupia jicho likiwa dogo kama stempu, nikajibu "sawa". Msanifu alifuta ritifaa, mimi nikaidhinisha ufutaji huo. Tangu hapo sijawahi kumlaumu peke yake.

Dawa haihitaji fedha. Kwanza, maneno yote yasahihishwe na kutiwa saini yakiwa bado maandishi, na nakala ya faili hilo ihifadhiwe kabla ya lolote kuvunjwa. Pili, baada ya kugeuzwa maumbo, jalada lichapishwe kwa ukubwa wake halisi na lisomwe upya herufi kwa herufi, ritifaa na nukta zikiwamo. Tatu, wanaosomea usanifu wafunzwe kwamba katika lugha zetu kialama kidogo ni sehemu ya herufi. Nao wanaosomea uhariri wa Kiswahili wakae angalau wiki moja kando ya msanifu, wajionee jinsi neno linavyogeuka mchoro.

Kitabu changu kilipochapishwa tena, nilikwenda mwenyewe ofisini kwa yule kijana. Tuliketi pamoja mbele ya kompyuta. Alipomaliza kuzipinda herufi aliniuliza, "Prof, hako kaalama kanakaa hapa ama juu kidogo?" Nikamwonyesha. Kisha nikamweleza jinsi sauti ya 'ng'' inavyotofautiana na 'ng', akaitamka mara mbili tatu huku akicheka. Siku hizi ananipigia simu kila anapopata kazi ya Kiswahili yenye neno asilolijua, kabla hajabonyeza Ctrl na Q.