Mbuzi na Kivuli Chake: Juu ya Kufundisha Watoto Kuchora

Somo la kuchora katika shule zetu huhesabiwa na wengi kuwa somo la kupumzikia. Sisi twaona kwamba ni somo la kutazama, na kwamba mtoto asiyefundishwa kutazama hujifunza kunakili tu.

Mwanzoni mwa Machi ya mwaka mmoja, hapa Dar es Salaam, tulionyeshwa daftari la mtoto wa shule ya msingi. Alikuwa amechora mbuzi wa nyumbani kwao, na chini ya tumbo lake akaweka doa jeusi. Mwalimu alikwisha kulikata kwa wino mwekundu, na badala yake akachora kivuli kirefu kilicholala ubavuni, kama kile cha kitabuni. Tulimwuliza mtoto alimtazama mbuzi saa ngapi. Akajibu, "Saa sita mchana." Mtoto ndiye aliyekuwa sahihi.

Kivuli si pambo la picha; ni habari ya jua. Mjini London, adhuhuri ya Desemba, jua huwa chini sana, na urefu wa kivuli huzidi mara tatu ya kimo cha mnyama. Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Adhuhuri ya siku hizo kivuli cha mbuzi hukaa chini ya mbuzi mwenyewe. Anayenakili kivuli cha kitabu cha kigeni humchora mbuzi wa kwetu katika jua la kwingine.

Wako wasemao kuwa kivuli si desturi yetu, maana wanyama wa michoro ya miambani huko Kondoa hawana vivuli, wala wengi wa wale aliowachora Edward Saidi Tingatinga tangu mwaka 1968 hadi kufariki kwake mwaka 1972. Ni kweli, wala huo si upungufu: Tingatinga alitaka mnyama aujaze ubao, naye akaujaza. Lakini wazee wetu wa Pwani waliijua saa ya alasiri kwa kupima kivuli cha kijiti. Elimu ya kivuli ni yetu tangu zamani. Haijaingizwa tu katika darasa la kuchora.

Twashauri mbuzi afungwe uwanjani. Watoto wamchore saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, wakiangalia kivuli kinavyoanzia kwatoni na kinaelekea wapi. Waangalie pia ubavu usiopata jua, maana weusi wake si sawa na weusi ulio ardhini. Mkaa na karatasi za kufungia bidhaa zatosha. Akishayajua haya, mtoto atakaye kukiacha kivuli na akiache, kwa kuwa atakuwa amechagua.

Na mwalimu, kabla ya kushika wino mwekundu, na atoke kwanza nje alitazame jua.