Kioo cha Nyuma ya Kamera: Mpiga Picha Amwonyeshe Mteja Lini?

Jumamosi mchana, misafara ya harusi ya Bujumbura huishia kwenye picha. Magari huelekea fukwe za Ziwa Tanganyika au bustani za hoteli, mashangazi wamejitanda vazi la kitamaduni la imvutano begani, bwana harusi anafuta jasho, mpiga picha anatafuta kivuli. Kamera inalia mara tatu, nne, kisha inasikika sauti, mara nyingi ya dada wa bibi harusi: "Hebu tuone!" Anayetaka kumpima mpiga picha aache kuulizia bei ya kamera yake. Atazame anachofanya wakati huo.

Wapo wanaoonyesha kila picha, moja baada ya nyingine, mpaka kazi inageuka kikao. Wapo wanaokataa katakata: "Mtaziona zikiwa tayari." Wa kwanza amekabidhi kazi yake kwa wapita njia, na wa pili ama anaficha jambo ama hajajifunza kukaa na watu. Fundi huonyesha mara chache, kwa wakati anaouchagua mwenyewe, na akiulizwa sababu anayo.

Ombi la kuona papo hapo si la zamani sana. Kamera ya kwanza ya dijitali ya watu wa kawaida iliyokuwa na kioo cha kutazamia picha nyuma yake, Casio QV-10, ilitoka mwaka 1995. Kabla ya hapo ilikuwepo kamera ya picha za papo hapo ya Polaroid, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1948, na wapiga picha wengi wa studio waliitumia kujaribia mwanga kabla ya kuugusa mkanda wenyewe. Waliobaki walisubiri picha zisafishwe.

Hata hivyo wateja wa zamani hawakuwa gizani kabisa. Mwaka huohuo wa 1948 Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, nchini Mali. Vifaa vilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Lakini ukutani alitundika sampuli za kazi zake, na mteja aliingia, akatazama, akachagua namna ya kukaa. Kuonyesha kulitangulia kupiga. Utaratibu huo ungali na manufaa: kabla ya kulipa malipo ya awali kwa mpiga picha wa mitaa ya Rohero au Buyenzi, mteja aombe kuona harusi moja nzima, kuanzia asubuhi hadi jioni. Picha kumi bora za kwenye simu hukusanywa na yeyote. Harusi nzima haidanganyi, maana ndani yake kuna mvua, ukumbi wenye giza na shangazi aliyefumba macho.

Afrika Mashariki ina mfano mwingine, nao una funzo zito zaidi. Martina Bacigalupo, mpiga picha Mwitaliano aliyehamia Burundi mwaka 2007, alikuta kaskazini mwa Uganda studio iitwayo Gulu Real Art Studio. Mashine yake ya picha za vitambulisho ilitoa picha nne kwa mpigo, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Studio ikapata njia ya nafuu: ilimpiga mtu picha kubwa akiwa amekaa kitini, kisha ikakata uso peke yake. Mteja aliondoka na uso, karatasi yenye tundu ikatupwa. Bacigalupo aliziokota karatasi hizo, zikawa kitabu mwaka 2013. Humo hakuna hata uso mmoja, lakini mikono iliyofumbatwa, mtoto aliyepakatwa, koti lililozidi mabega, vyote vinasimulia watu wale walikuwa nani.

Mteja anayepewa kamera atazame hufanya vilevile kwa macho yake: anakata uso, anatupa kilichobaki. Anatafuta kidevu, meno, chunusi. Haoni kwamba mkono wake wa kushoto umekakamaa kama wa askari, wala kwamba mnazi umeota kichwani pa mume wake. Kazi ya kuona hayo ni ya mpiga picha, na akimwachia mteja aamue kila kitu kupitia kioo cha sentimita chache, sehemu kubwa ya picha inabaki bila mwenyewe.

Kuna sababu nyingine, ya kisayansi. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Mita, Dermer na Knight, waliwaonyesha watu picha zao za namna mbili: moja ilivyo, nyingine iliyogeuzwa kama kwenye kioo cha ukutani. Wenyewe walielekea kuipenda iliyogeuzwa. Rafiki zao waliipenda ile ya kawaida. Uso wa binadamu haulingani pande zote mbili, na kila mtu amezoea kujiona kwa kugeuzwa. Kwa hiyo mama anaposema, "Hapana, mimi siko hivi," hasemi uongo, na mpiga picha hana kosa. Fundi anayelijua hili hamuulizi mwenye sura peke yake. Anamwita na dada yake, au mume, au binti, yule anayeiona sura hiyo kila siku.

Wakati wa kwanza unaofaa kuonyesha ni mapema, baada ya picha chache za kujaribu mwanga. Hapo kuna vya kurekebisha: ukosi uliopinda, mkufu uliogeuka, kamba ya sidiria, jasho linalong'aa kwenye paji. Bujumbura ipo kando ya ziwa, mita mia nane kasoro juu ya bahari, na joto lake huyeyusha poda upesi. Mteja akiona mwenyewe, anajifuta na kujitengeneza bila kuambiwa, na anapata imani. Kisha kamera inarudi kazini, na kioo kinasahauliwa mpaka watu wabadilishe nguo au mahali.

Kinachoharibu ni kuonyesha katikati, mambo yakiwa yamenoga. Mtu aliyekwisha kuisahau kamera anaikumbuka. Anaipenda picha moja, halafu anajitahidi kuirudia: kidevu kilekile, tabasamu lilelile, safari hii limeganda. Picha kumi zinazofuata hazina uhai.

Na jua halingoji. Ziwa liko magharibi ya mji, na ng'ambo yake milima ya Kongo imesimama kama ukuta. Mwanga laini wa jioni, ule unaozipamba ngozi zetu kuliko taa yoyote, hukatika jua linapozama nyuma ya milima hiyo, kabla ya giza kuingia. Kundi linaloinamia kamera saa kumi na moja jioni linauacha upotee. Ndiyo maana mara ya mwisho ya kuonyesha inapaswa kuwa mapema kidogo, mwanga ungalipo, ili kilichokosekana kipigwe upya.

Sasa namna yenyewe ya kuonyesha. Fundi hugeuka alipe jua mgongo, kivuli cha mwili wake kiangukie kioo, kwa sababu juani kila picha huonekana hafifu. Amekwisha kuchagua picha moja au mbili. Hapekui zote mbele ya watu. Anaikuza mpaka kwenye jicho lililo karibu na kamera: kope zihesabike, na ndani ya mboni kuwe na nukta ya mwanga. Kisha anahamia kwenye kitambaa. Kamera ikiachiwa ijipimie yenyewe hutafuta wastani, kwa hiyo imvutano nyeupe ikijaa kwenye picha, uso wa mvaaji huzama gizani. Weusi ukitawala, nyeupe huungua na mikunjo yote hupotea. Kwenye picha iliyopimwa vizuri mikunjo inaonekana, na ngozi ina rangi yake, si kijivu wala chungwa. Anayejibu kila dosari kwa "nitairekebisha kwenye kompyuta" anastahili kutiliwa shaka. Jicho lililokosa kulengwa, kompyuta hailirudishi kama lilivyokuwa.

Kuna picha ambazo mteja asingezichagua hata angeonyeshwa mara mia. Tarehe 30 Desemba 1941, jijini Ottawa, mpiga picha Yousuf Karsh alimnyang'anya waziri mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, sigara mdomoni na kumpiga picha akiwa amekunja uso. Churchill akamruhusu apige nyingine, na safari hii alitabasamu. Iliyozunguka dunia ni ya kwanza. Mpiga picha mwenye busara humwonyesha mteja ile atakayoifurahia siku hiyo, na ile nyingine anaitunza, ampe pamoja na zile alizozitarajia.

Wazee wawekwe mbali na kanuni hizi zote. Bibi kutoka kijijini ambaye sura yake imepigwa kwa ajili ya kitambulisho tu aonyeshwe mara moja, mpiga picha akiwa amechutama kando yake, kamera mikononi mwa wote wawili, na aachwe atazame atakavyo. Mwanga ukipotea, na upotee. Watoto nao waonyeshwe, kwa kuwa mtoto akiiona sura yake anacheka, na kicheko hicho ndicho kinachotafutwa. Vivyo hivyo mtu mwenye hofu, anayerudia kwamba yeye hapendezi kwenye picha: ya kwanza iliyofaulu aione hapo hapo.

Msomaji anayepanga harusi au picha ya familia amuulize mpiga picha swali moja kabla ya kutoa pesa: "Utatuonyesha lini?" Anayejibu "mkitaka wakati wowote" hajafikiri, na anayejibu "kamwe" atafutiwe mbadala. Anayeeleza lini, na kwa nini wakati huo, apewe kazi. Siku yenyewe ikifika, dada wa bibi harusi aombwe kwa upole asubiri.