Heko kwa mafundi wa injini za Ziwa Kivu

Hapa Matonge, Ixelles, jijini Brussels, ukipita Chaussée de Wavre utasikia sifa za wanamuziki na wasusi. Mimi natoa zangu kwa mafundi wa Goma na Bukavu wanaotunza injini za boti zinazovuka Ziwa Kivu. Barabara kati ya miji hiyo imekuwa mbovu kwa miaka mingi, na ndugu zetu wengi hutegemea maji.

Injini iliyofungwa ndani ya boti mara nyingi hupozwa kwa maji ya ziwa lenyewe. Mshale wa joto ukipanda, fundi hodari hagusi kifuniko cha tangi la maji yanayochemka. Huinama ukingoni kwanza, atazame ekzosi. Maji yakitoka machache pamoja na moshi, hushuka kwenye njia ya kuvutia maji. Hufunga valvu, hufungua chujio, na huenda akakuta mfuko wa plastiki. Chujio kikiwa safi, huchomoa gurudumu la mpira la pampu. Hapa ndipo namvulia kofia: bawa lake likiwa limekatika, hafungi pampu mpaka akione kipande kilichokatika, maana kinaweza kukwama kwenye mirija ya kipozeo na joto likarudi kabla hata ya kufika kisiwa cha Idjwi.

Yote hayo huyafanya amejikunja kwenye chumba chembamba, harufu ya dizeli puani, na abiria hata hawamwoni.