"Plein sud" ya Lubumbashi: tulilipia jua la Bruxelles

Bandugu, kuko sentensi moja inanisumbua. Iko katika matangazo ya nyumba, iko katika midomo ya makomisioneri, na mbaya zaidi, iko katika midomo yetu sisi tuliosoma: "Bustani iko plein sud, jua mingi." Maana yake, bustani inatazama kusini. Leo tuipime, juu yaya yangu alitoa garanti ya miezi sita kwa sababu yake.

Yaya alikuwa anachagua kati ya nyumba mbili za jumelé, zile zinazoshikana ukuta na jirani. Moja ilikuwa na bustani upande wa kaskazini. Ingine, ng'ambo ya barabara, bustani yake ilikuwa kusini. Alitaka kulima tomati na lengalenga za kula na za kuuza. Komisioneri akasifu ile ya kusini. Yaya akanipigia simu: "Wewe njo agronome, unasema nini?" Nikajibu bila kufikiri: "Kusini ni muzuri."

Shauri lenyewe si la uongo. Kule Bruxelles, saa sita mchana jua liko kusini mwaka mzima, na mwezi wa 12 linabaki chini sana: nyumba ya kimo cha mita 4 inatupa kivuli cha mita 14 hivi. Mbelgiji akitafuta bustani ya kusini, ana haki. Kosa ni kulileta shauri hapa bila kuligeuza.

Lubumbashi iko karibu digrii 12 kusini ya ekweta. Mwezi wa 6 na wa 7, katikati ya kiangazi, jua linachomoza mashariki-kaskazini, mchana linapita kaskazini, jioni linazama magharibi-kaskazini. Bustani iliyo kusini ya nyumba inakaa mgongoni mwa jua. Nyumba ileile ya mita 4 inatupa kivuli cha mita 2.8 mchana, na saa mbili asubuhi kivuli kinaingia karibu mita 5. Bustani ya yaya ina mita 5. Mwezi wa 12 jua linarudi kusini, ni kweli, lakini wakati huo ni mvua na mawingu. Sisi jua tunalihitaji kwa mboga za kiangazi, zile tunazomwagilia kwa ndoo.

Tena jumelé ina shida yake yenyewe. Nyumba inayosimama peke yake, jua la asubuhi linapita pembeni na kuingia nyuma. Kwa jumelé, nusu ya jirani inarefusha kivuli. Ukikaa nusu ya magharibi, asubuhi yako inakatwa. Ukikaa nusu ya mashariki, ni jioni inayokatwa, na hiyo ni afadhali: jua la asubuhi linakausha umande kwenye majani, na magonjwa ya kuvu yanapungua. Tomati za yaya zilizokuwa karibu na ukuta zilishinda na majani mabichi mpaka saa ine. Zikaoza. Alinitumia picha, hakuandika neno.

Komisioneri simlaumu sana, yeye anauza. Mimi nilikuwa na diploma, na nilijua jua linatembea namna gani, niliipitisha hata kwenye mtihani. Lakini mtu wa familia aliponiuliza, nilirudia maneno ya kitabu cha watu wengine. Hiyo njo kasoro ninayoiona kwetu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa: ingia kwenye parseli saa mbili asubuhi na tena saa tisa. Simamisha fimbo, angalia kivuli kinalala wapi. Ukienda mwezi wa 12, kumbuka mwezi wa 6 kivuli kitageuka. Uliza jirani kama atajenga aneksi nyuma. Na kama umekwisha kuingia kama yaya, ile sehemu ya kivuli weka kitalu, mbolea ya takataka na pipa la maji. Tomati zipeleke mwisho wa bustani, mbali na nyumba.

Yaya amezihamisha. Mwaka huu nilienda mwenyewe kubeba udongo, na bado sijamaliza kuomba msamaha.