Redio na Mfuko wa Mwanamuziki

Kijana yeyote anayeshika gitaa katika nchi yetu hupewa wosia mmoja: jitahidi wimbo wako upigwe redioni, mengine yatafuata. Nimeusikia wosia huu kwa wapigaji dansi waliokwisha kuota mvi, nimeusikia katika studio za vichochoroni Kinondoni, na nimeusikia hata kwa wazazi ambao zamani wakimwita mwanamuziki mhuni. Mimi si mwanamuziki. Nimekuwa mtunza hesabu maisha yangu yote, na labda kwa sababu hiyo neno "yatafuata" hunikera. Yatafuata yapi? Na yatamfuata nani?

Nianze na enzi ambayo wengi wetu twaikumbuka kwa mapenzi. Tangu uhuru hadi ilipopitishwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, nayo ni ya serikali. Studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mahali pa bendi kurekodi. Nuta Jazz walipita pale, Dar es Salaam Jazz, Western, Kilwa, Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe wao, Atomic kutoka Tanga. Maneno ya wimbo yalichunguzwa kwanza, kisha bendi ikaingia, ikapiga, kanda ikawekwa kabatini, na baada ya hapo wimbo ukasikika Bukoba na Mtwara kwa saa ile ile. Watu walinunua kadi za salamu, wakaziposta, wakangoja jina lao litajwe na wimbo wao upigwe. Kama kupigwa redioni ndiko kunakomtajirisha mwanamuziki, basi hao walistahili kufa matajiri, maana sidhani kama kuna kizazi kingine kilichopigwa kama wao.

Lakini hawakuwa na cha kuuza. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Kiwanda kilikuwa Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983. Kanda ya wimbo ilikuwa mali ya redio, na mrabaha wa kila mara wimbo unapopigwa haukuwapo. Kilichouzwa kilikuwa mlango wa ukumbi. Wimbo ukipendwa hewani, Jumamosi ukumbi unajaa. Hilo si jambo dogo, na anayesema redio haikuwasaidia kabisa anawasingizia. Ila tazama ni nani aliyesimama mlangoni akipokea fedha. Nuta Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wapigaji wakiwa waajiriwa wenye mshahara, na bendi nyingi kubwa zilizofuata zilikuwa za jumuiya, za jeshi, za mashirika. Magitaa yalikuwa ya mwajiri. Mshahara haujui kama wimbo umependwa au umechukiwa. (Nacheka kidogo nikikumbuka kuwa hiyo ndiyo enzi tuliyoimba neno "kujitegemea" asubuhi na jioni, na bado mpiga gitaa aliyekuwa na gitaa lake mwenyewe alikuwa kama ndege mweupe.)

Waliojua hivyo walihama. Wilson Kinyonga na nduguye George, vijana wa Tanga waliokuwa Jamhuri Jazz, walipitia Arusha wakaingia Kenya mwaka 1971, na huko wakawa Simba Wanyika. Sisemi walikwenda kwenye neema, kwani Nairobi nayo ilikuwa na wanyonyaji wake. Nasema walikwenda mahali ambapo wimbo ungeweza kugeuka kitu cha kushikwa mkononi na kuuzwa dukani.

Hapo Nairobi, kando ya River Road, palikuwa na mtu ninayemwona kama jibu kwa wosia ule. Joseph Kamaru aliimba kwa Kikuyu, kwa hiyo soko lake lilikuwa na mipaka tangu mwanzo. Wimbo wake kuhusu mwalimu ulizua zogo hata walimu wakatishia kugoma. Mwaka 1975, alipouawa J. M. Kariuki, aliimba juu ya mauaji hayo, na wimbo wa namna hiyo haukuwa wa kupigwa na redio ya serikali. Lakini Kamaru alikuwa na lebo yake na duka lake. Aliyeutaka wimbo aliufuata kaunta, akalipa, akaondoka nao. Mwanamuziki huyu alikuwa radhi redio imnunie, mradi santuri zipo rafuni. Alifariki mwaka 2018, na hadi leo mjukuu wake, naye mwanamuziki, ajulikanaye kwa jina la KMRU, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake kupitia Bandcamp, ambako msikilizaji wa nchi yoyote hulipa na mwenye duka huchukua asilimia 15 tu ya mauzo ya faili. Jambo hilo limewezekana kwa sababu moja isiyo ya kimuziki hata kidogo: Kamaru alishika rekodi zake mwenyewe.

Nisije nikaonekana mtu wa hesabu tupu, nami nayapenda masikio yangu. Kupigwa redioni na kuuzwa havikugusa mfuko peke yake, viliukata wimbo pia. Upande mmoja wa santuri ndogo ya kasi ya 45 hubeba dakika nne hivi. Kwa hiyo wimbo wa dansi wa dakika nane, wenye sehemu ya kwanza ya kusimulia polepole na sehemu ya pili ya magitaa kuchemka, ulipasuliwa katikati: upande wa kwanza masimulizi, upande wa pili sebene. Redio mara nyingi ilipiga upande wa kwanza tu. Sikiliza kanda za studio ya Redio Tanzania na utaona tofauti. Pale hapakuwa na ukingo wa santuri, mpiga solo aliachwa amalize alilokuwa akisema, na tarumbeta zikaingia bila haraka. Muziki usiouzwa ulikuwa na pumzi ndefu kuliko ule uliouzwa. Sijui nifurahi au nisikitike kwa hilo. Leo kiitikio kinatakiwa kabla sekunde ya ishirini, na bado tunaambiwa hayo ni maendeleo ya ladha.

Miaka ya 1990 ilileta mambo mawili kwa mpigo. Redio za binafsi zilianza, ya kwanza kubwa ikiwa Radio One mwaka 1994, na kanda za kaseti zikawa bidhaa kuu Kariakoo. Kwa mara ya kwanza Mtanzania aliweza kurekodi studio ya mtu binafsi, akapigwa, akauza, yote bila kibali cha mwajiri. Kwa nini basi malalamiko hayakwisha? Nitaeleza kwa mfano wa nyumbani, maana daftari lake niliandika mimi.

Mpwa wangu wa Muheza alirekodi wimbo mwaka 2003, wa gitaa, wenye maneno ya kistaarabu. Akaniomba nimsindikize kwenye kituo kimoja cha redio jijini. Tulikaa mapokezi siku tatu. Siku ya tatu mtangazaji akatoka, kijana mdogo, mwenye adabu.

"Shikamoo mzee. Wimbo wa dogo ni mzuri, sitaki kudanganya. Ila kipindi kina foleni. Aniachie hata ya soda."

Mpwa wangu akanivuta pembeni. "Mjomba, kila mtu anatoa."

Akatoa. Mimi nikaandika katika daftari: soda. Soda ile ilikuwa ghali kuliko nauli yetu sote wawili ya kwenda na kurudi Muheza. Simlaumu sana yule kijana, kwani baadaye nilisikia mshahara wake, na kwa mshahara ule hata mimi ningeona kiu.

Wimbo ulipigwa siku kumi na moja. Tukaenda kwa msambazaji Kariakoo, mmoja wa wale ambao wanamuziki huwaita wadosi. Kabla ya hapo alikuwa amesema, leteni ukishapigwa. Sasa akasema, vizuri, leteni albamu. Maana soko la kaseti halikuuza wimbo mmoja, liliuza kanda nzima yenye nyimbo nane au kumi. Redio inatangaza wimbo, duka linauza albamu, na kati ya hivyo viwili pana gharama za studio za nyimbo saba zaidi. Alipozikamilisha ilikuwa imepita miezi sita. Msambazaji akatia kanda kwenye redio yake ndogo, akasikiliza, akasema wimbo umeshazeeka. Wakati huo huo vibanda vya jirani vilikuwa tayari vimewarekodia watu wimbo ule ule kutoka hewani, pamoja na nyingine za watu wengine, katika kanda moja.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike haya. Mpwa wangu alinakili kaseti 200 kwa fedha zake, akachapisha kava la rangi moja, akarudi kwao. Akauza stendi ya Muheza, akauza Korogwe, akauza harusini alikoalikwa kupiga, kaseti mbili hapa, tano pale. Baada ya miezi minne zilibaki 31. Nilimwuliza wanunuzi waliusikia wapi wimbo. Wengi hawakuwa wameusikia popote! Kituo kile kilitangaza kwa FM, na mawimbi yake siku hizo hayakufika Muheza. Walinunua kwa sababu walimwona akipiga na kaseti zilikuwapo mezani. Daftari langu halina shilingi hata moja ninayoweza kuonyesha kuwa ililetwa na soda.

Msomaji asidhani kuwa ugonjwa huu ni wa kwetu. Marekani waliuchunguza hadharani bungeni mwaka 1959 na 1960, wakaufanya kosa la jinai kuficha malipo ya kupigiwa nyimbo, na mtangazaji mashuhuri Alan Freed akakiri makosa mwaka 1962 na kutozwa faini ya dola 300. Halafu mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG ilikubali kulipa dola milioni 10 mjini New York kwa mashauri ya namna ile ile. Tofauti ni kwamba huko anayelipa ni kampuni yenye ghala limejaa santuri tayari. Kwake hongo ni tangazo la bidhaa. Kwa kijana asiye na bidhaa, hongo ile ile ni sadaka.

Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA iliyozaliwa nayo, zilileta tumaini kwamba redio yenyewe italipa. Tumaini hilo lilichukua muda mrefu kukomaa. Januari 2022 mirabaha ya nyimbo zilizopigwa na vituo vya utangazaji iligawiwa wanamuziki, nami nililipokea tukio hilo kwa furaha ya kweli. Lakini mrabaha humfikia yule ambaye kazi yake imesajiliwa, na ambaye jina lake limeandikwa sawasawa katika orodha ya nyimbo zilizopigwa. Nawajua vijana wanaojua majina ya watangazaji wote wa jioni na hawajawahi kujaza fomu hiyo moja. Hapo wosia wa wazee umewaponza: umewafundisha kubisha mlango wa kituo kabla ya kubisha mlango wa msajili.

Kaseti zimekwisha, CD nazo zimekwisha. Siku hizi mtu hujaziwa nyimbo mia kwenye memori kadi kwa bei ya chapati chache, na mwimbaji hapati kitu. Upande wa pili, tangu Februari 2021 Spotify imefunguliwa Tanzania na Kenya, Boomplay ipo, YouTube ipo, na wimbo mmoja unaweza kuwekwa bila albamu. Ile kasoro iliyomwangusha mpwa wangu, ya redio kutangaza kitu ambacho duka halina, imekwisha kabisa, na sijaona anayeishukuru. Malipo ya kila msikilizaji ni madogo mno, hilo kweli, na mtu wa Muheza hatajenga nyumba kwayo. Hata hivyo wimbo uliosikika saa mbili usiku waweza kupatikana saa mbili na dakika tano, na mwenye nao ndiye aliyeuweka.

Mpwa wangu sasa ana karakana ya kuchomelea vyuma, na Jumamosi hupiga harusini. Juzi kaniuliza kama ampelekee mtangazaji wa redio ya mkoani wimbo mpya. Nikamwambia apeleke, kwa kuwa redio hiyo inasikika huko huko anakopiga. Ila kwanza ausajili, auweke mahali unapoweza kununuliwa, na kama mtangazaji ana nafasi ya fadhila moja tu, basi asiombe wimbo urudiwe. Aombe namba yake ya simu isomwe polepole, mara mbili, ili watu wenye harusi waiandike.